Damu Niliyoipa Jina Lake

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza, tena salamu ndefu, maana najua ukikuta barua imeanza na habari kabla ya kujuliwa hali unaikunja na kununa siku nzima. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka kama lami bado unaitumia? Shemeji hajambo? Na wanangu je, hasa huyo wa mwisho mwenye mtihani? Sisi hatujambo. Hilo nimeliandika kwa mazoea. Soma mpaka mwisho ndipo uamue mwenyewe.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Kwa simu ungenikatiza, Dada. Tangu utotoni nikianza sentensi wewe huimalizia, na mara nyingi huifikisha pazuri kuliko nilikokuwa naelekea. Hii nataka niimalize mwenyewe.

Tunaondoka Jumamosi asubuhi. Nyumba imebaki mwangwi mtupu. Kabati la nguo kalichukua fundi cherehani wa jirani, jiko la gesi kalichukua binti yake, na kitanda tunamwachia mpangaji anayeingia Jumapili. Shirika linaruhusu begi moja la kilo ishirini na tatu kwa kila mtu, kwa miaka mitatu ya kujitolea, na shemeji yako kaamua kwamba kilo zake zote ni za chuma. Randa tatu, misumeno miwili, patasi kumi na moja. Kila kimoja kakipaka mafuta na kukiviringisha kwenye shuka zangu nzuri. Nguo zake zimehamia kwenye begi langu, nami nimebaki na magauni mawili kama mtu aliyekimbia moto. Nilipomuuliza habari ya viatu vyake vya ngozi akasema tuviache, vimesinyaa kwa kukaa kabatini. Viatu havijasinyaa, Dada. Miguu ndiyo imevimba.

Unakumbuka hali yake chuo cha ufundi kilipofunga karakana ya useremala. Miaka ishirini na sita kafundisha vijana kunoa na kupima, halafu siku moja mashine zikapakiwa kwenye lori, naye akarudi nyumbani na koti la kazi mkononi. Miaka miwili alikaa kwenye kiti cha dirishani. Nilikuwa nikitoka kazini namkuta palepale, chai niliyomwachia asubuhi imefanya utando. Hata ugomvi hakuutaka, na wewe unajua alivyokuwa hodari wa kubishana.

Kisha likaja tangazo la shirika: wanahitajika seremala wa kufundisha na mtu wa maabara, wakiwa mume na mke ni bora zaidi, kwenye mji mdogo wa nchi ya mbali wenye shule moja na kliniki ya vitanda sita. Dada, ungemwona. Alinyoa ndevu. Akanunua daftari kubwa akaanza kuandika masomo. Mratibu wa shirika, mama mmoja mpole ambaye kila tukikutana hatoi mkono bila karatasi, shemeji yako akampa jina la Bibi Fomu, nao wakawa marafiki. Nilipata mume wangu tena, yule yule mwenye kelele.

Sasa nifike ninakokwenda, maana nimezunguka vya kutosha.

Moja ya fomu ilitaka vipimo vya damu vya sisi wawili, kutoka maabara yoyote iliyosajiliwa. Mganga hajigangi, na sisi wa maabara tuna kanuni hiyohiyo, humpimi mtu wa kwako. Kwa miaka kumi na tisa niliishika. Safari hii nikaona usumbufu wa nini kumpeleka apange foleni kwingine na mashine ninayo mimi. Nikamtoa damu asubuhi, naye akiwachekesha wagonjwa kwamba nimemnyonya tangu siku ya harusi, ila leo nimekuja na sindano waziwazi. Akaenda zake. Mimi nikapima, na figo zake zikatoa jibu ambalo nimezoea kuliona kwa watu wanaoletwa wakiwa wamebebwa.

Nikadhani mashine ina kasoro. Nikaisafisha, nikapima tena. Nikamwomba mlinzi wetu damu kidogo, mzima kama chuma yule, mashine ikatoa jibu la mtu asiye na ugonjwa. Nikapima ya mume wangu mara ya tatu, na jibu likawa lilelile.

Na hapa ndipo nilipokosea, kosa ambalo nadhani ni mtu wa kazi yangu tu angeweza kulifanya. Mkuu wangu wa maabara alikuwa kaniambia shirika haliwachukui waliopita miaka hamsini na tano, na shemeji yako ana hamsini na minane. Nikajiambia, watamkataa tu kwa umri. Kwa nini nimnyang'anye wiki tatu za furaha? Wakishamkataa nitamkalisha chini nimweleze taratibu, twende hospitali. Basi nikajifunga mpira mkono wa kushoto, nikajitoa damu yangu mwenyewe, vichupa viwili, na kichupa cha pili nikaandika jina lake. Fomu zikaenda na majibu mawili mazuri ya mtu mmoja.

Hawakumkataa, kumbe habari ya umri mkuu wangu aliisikia vibaya. Bibi Fomu alituita ofisini akampongeza mbele ya watu kwamba ana figo za kijana. Mume wangu akaitembeza sifa hiyo mtaa mzima, nami nikawa nacheka pamoja na majirani. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, Dada. Hawakumtaja anayemfichia mwenzake.

Nilikwenda kwa daktari wa figo wa hospitali kuu, nikaeleza kana kwamba ni mgonjwa mwingine. Akasema mtu huyo anatakiwa kuanza kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, tena leo si kesho. Akisafishwa anaweza kupata miaka. Si mingi, lakini ni miaka. Asiposafishwa, asipange mambo ya mwaka ujao. Figo yangu niliiwaza kabla hujaniuliza. Makundi yetu ya damu hayapatani. Na kule tunakokwenda, mashine ya namna hiyo iko mwendo wa siku mbili kwa gari.

Jumapili iliyopita nilimwambia yote. Alikuwa anapima begi lake kwa mizani ya kuning'iniza. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliuliza nimejua tangu lini, nikamwambia miezi mitatu. Akauliza kama mwisho wake huwa na maumivu, nikamwambia ninachokijua, kwamba mtu husinzia sana. Akasoma kilo kwenye mizani, kisha akasema, "Kule maabara si itakuwa yako?"

Nikajibu ndiyo.

"Basi endelea kuandika jina langu. Nikae tena dirishani, safari hii na mrija mkononi? Hapana, mke wangu. Niache nife nikiwa nafundisha." Akaniomba nishike upande wa pili wa mizani, nami nikashika.

Kuna saa namwona ana haki, maisha ni yake. Kuna saa nasikia anavyohema akipanda ngazi tatu za mlango wetu, natamani kuyamwaga mabegi yote barabarani. Sijui lipi ni pendo na lipi ni woga wangu. Tumaini la kupona sina, nilishalipima mara tatu.

Nyuma ya karatasi hii nimeandika namba ya ofisi ya shirika. Wanafungua saa mbili, wanafunga saa kumi. Posta wameniahidi barua itakufikia Alhamisi, kwa hiyo utakuwa na Alhamisi na Ijumaa. Ukiwapigia, atabaki, ataishi kidogo zaidi, na hatatusamehe, si mimi si wewe. Usipopiga, nitamzika kule peke yangu, na wewe utakuwa ulijua. Nimekuonea, Dada, nakiri. Lakini wewe ndiye uliyekuwa unaning'oa meno niliposhindwa kuyang'oa mwenyewe. Nimeshawapigia mara nne. Kila mara anapokea Bibi Fomu, ananijulia hali kwa sauti yake ile ya upole, na mimi naishia kumuuliza habari za kilo za mabegi.

Nisalimie shemeji na wanangu, mmoja mmoja kwa jina lake. Mwambie wa mwisho asikeshe na vitabu, akili nayo hutaka usingizi. Ulitunze hilo goti. Shemeji yako anakusalimu sana. Yuko hapa mbele yangu anafunga kamba za begi, kaniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni wewe, ninakuaga.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba.