Kiraka Kilichotiwa Bandi

Machi 9

Mdogo wangu Wakili,

U mzima? Kifua kimepoa? Huku wazima, ila magoti yangu yamegoma kama vibarua wasiolipwa.

Tulimzika Mama bila wewe. Nalisema hilo mapema ili tusizungukane. Walioniuliza niliwajibu kwamba umenyimwa ruhusa kazini, nikiwakazia macho ili wasiulize tena. Sasa nipe mimi sababu ya kweli. Ulianza kubisha kabla hujaota meno, ndiyo maana tukakubandika jina la Wakili; hutakosa maneno.

Cherehani ya Mama nimeirithi pamoja na wateja wake wasumbufu. Blanketi lake la viraka bado liko kitandani kwake.

Dada yako

Machi 30

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Pole na magoti. Acha kukanyaga hiyo cherehani kutwa. Mimi mzima, ila vidole vimepasuka kwa kubeba maboksi kwenye ghala la barafu.

Ruhusa nilinyimwa kweli. Sababu nyingine sina.

Naomba hilo blanketi. Mpe jirani yetu anayekuja huku mwezi ujao. Wewe una nyumba, una cherehani, una kaburi la kupalilia. Mimi nina chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Nataka kulala chini ya viraka vya gauni la Bibi na ovaroli ya Baba. Ni haki yangu, siombi hisani.

Mdogo wako

Aprili 21

Wakili,

Habari za vidole? Vipake mafuta. Hoja zako nimezisoma mara mbili, na mara zote mbili zilikuwa mbovu.

Blanketi haliondoki. Umeisahau sheria ya Mama? Anayeondoka nyumbani anakatwa kipande cha nguo yake, kisha Mama anakitia bandi tu, mishono mirefu ya kushikiza. Akirudi, anakaa ukingoni mwa kitanda na kushonwa imara huku anaona. Akiondoka tena, anafumuliwa. Baba na lori lake alishonwa na kufumuliwa mpaka kiraka chake kikawa chujio. Tulimcheka Mama, tukamwambia si amwache tu hivyo hivyo, ameshonwa. Akasema, "Nikimwacha nitajuaje kama kaja?"

Kiraka chako ni ule mfuko wa shati la shule wenye doa la wino. Nimeuangalia juani. Pembeni hauna tundu hata moja, ila yale ya bandi ya kwanza. Na juzi nilipofua, uzi ukakatika, mfuko ukabaki unaning'inia kwa kona. Nilikaa kwenye sakafu iliyolowa, mtu mzima mimi, nimeushika kama mtoto anayetaka kudondoka.

Dada yako

Mei 6

Dada,

Natumaini hujambo. Basi tumalize ubishi: nishone imara, mara moja, bila mimi kuwepo. Sheria ya Mama imeondoka na Mama. Ukiendelea na bandi, uzi utakatika kila ukifua.

Kuja siji. Kila mwaka nilipanga safari, kila mwaka niliahirisha, nikijua Mama atasubiri. Sasa nikifikiria mlango unafunguliwa na yeye hayupo nyuma yake, miguu inakataa. Ulitaka sababu, ndiyo hiyo.

Mdogo wako

Mei 24

Mdogo wangu,

Sababu nimeielewa. Siikubali. Unakiogopa kitanda kitupu ukiwa mbali hivyo. Mimi nakitandika kila asubuhi.

Sishoni asiyekuwepo. Sindano nimeichomeka kwenye mfuko wako, uzi umo tayari. Kubembeleza mtu sikujifunza, na uzee huu sianzi. Itakaa hapo mpaka ishike kutu.

Dada yako

Novemba 12

Mdogo wangu Wakili,

Umefika salama? Mizigo haikupotea? Nyumba imekuwa kimya cha kuudhi; tangu uondoke hakuna wa kunipinga, hata chai hainogi.

Bado nakucheka. Mtu asafiri safari yote ile, asimame mlangoni na begi, na neno la kwanza liwe, "Dada, hii bawaba imelegea." Kisha ukakaa ukingoni mwa kitanda ukilalamika kwamba nashona taratibu. Sikuwa nashona taratibu. Macho yalikuwa na maji, na wewe ulijua, ndiyo maana ulitazama dari.

Kuhusu kile kipande cha kanga ya Mama tulichokiongeza kwenye blanketi, nakiri ulishinda. Mimi nilitaka ashonwe imara, kwa kuwa harudi. Wewe ukasema atiwe bandi kama wengine, ukamtia mwenyewe kwa vidole vyako vilivyopasuka. Mishono imepinda vibaya. Angekuchapa. Sitaigusa.

Leo asubuhi nimechukua wembe nikakufumua. Sheria ni sheria. Nikauinua mfuko wako dirishani: vitundu pande zote, mwanga unapita, kama kiraka cha Baba kilivyoanza.

Nimekurudishia bandi. Uzi nimechagua ule dhaifu kuliko yote dukani, makusudi kabisa. Na mimi, kama unavyojua, nafua kila Jumamosi.

Dada yako