Mkwe Bado Yuko Nje

Kampemba, Lubumbashi
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Yaya Stanislas, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Liège? Na Michelle je, mguu ulioteguka kwenye ngazi umepona? Sisi tunaendelea, ukiacha umeme unaokuja na kuondoka bila kuaga, na vumbi la mwezi huu lililomrudishia Mapalo kikohozi. Binti yangu huyo ameanza mwaka wa nne shuleni. Mungu anatulinda.

Najua unashangaa kupokea karatasi. Ujumbe wangu wa sauti kwenye WhatsApp unausikiliza nusu, kisha unanijibu kwa kidole gumba. Barua hii nimempa rafiki anayesafiri kwenda Brussels, na ameahidi kuitia mkononi mwako na kungoja uifungue. Kwa hiyo kaa chini.

Uliuliza safari ya baharini ilikwendaje. Tulirudi salama, na Mama bado hajahamia kwetu.

Nikukumbushe tulipoanzia, maana wewe husahau. Mwezi wa tano Mama alianguka uani kwake, mtaa wa Kenya hapa hapa Lubumbashi, akalala chini tangu asubuhi hadi jirani alipopita saa nane. Ana miaka sabini na tatu. Anaclet mume wangu akasema mwenyewe, bila kuombwa, kwamba Mama aje akae kwetu, chumba kipo. Mama akakataa. Hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe ambaye hajaingizwa.

Desturi ya watu wake unaijua. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hawasemeshani, hawali pamoja, hadi siku familia ya mke inapompikia, inamshika mkono na kumuingiza ndani kama mtoto wa nyumba. Anaclet amengoja miaka kumi na minne. Wa kumshika mkono alikuwa mjomba Ephraïm, naye tulimzika Mokambo mwaka juzi, na wewe hukufika. Kabla ya kufa alikutaja wewe, mtoto wa kwanza, ushike nafasi yake.

Nilikueleza haya yote. Ukanijibu kwamba hayo ni mambo ya zamani, wapate likizo moja nzuri pamoja, watazoeana. Ukalipa hoteli ya Kigamboni, ukakodi na boti ya kuvua samaki. Asante, Yaya. Nasema asante kwa sababu tulilelewa vizuri.

Siku tatu ndani ya gari moja, jaribu kuzifikiria. Mama alikaa nyuma kabisa ya Anaclet ili asionekane, halafu akakigundua kioo cha ndani. “Ambia bwana yako ageuze ile kiyoo,” akaniambia. “Miye siko televizyo.” Anaclet akakigeuza kikatazama paa, akaendesha hadi Tunduma bila kujua kinachokuja nyuma yake, na malori ya shaba yakatupigia honi njia nzima.

Hotelini nilikula kila mlo mara mbili, mara na huyu, mara na yule, na sketi zangu zote sasa zinanibana. Anaclet aliingia baharini na suruali ndefu na shati la mikono mirefu, kwa kuwa Mama alikuwa mchangani hatua hamsini kutoka pale. Watalii walimpiga picha. Kila jioni nilianika suruali ile na kuuliza moyoni ni dhambi gani niliyotenda.

Siku ya boti niliomba tuache. Mama ndiye aliyekataa. Mtoto wake amelipa, kwa hiyo tutapanda. Nahodha, mtu wa pale pale aitwaye Nasoro, alinisikiliza nikimweleza kwamba hawa wawili hawapaswi kuonana, akakuna kichwa. “Dada, boti yangu futi ishirini na sita. Mkwe nimweke wapi, kwenye tangi la mafuta?”

Tukapanga hivi: Mama mbele akitazama maji, Anaclet nyuma akitazama tulikotoka, na mimi katikati nimenyoosha kitenge kama pazia, upepo ukikivuta. Tulipofika kwenye mawimbi nikaanza kutapika. Mapalo, mwenye akili kuliko sisi, alilala.

Basi nguru akanasa kwenye ndoana ya Mama. Yaya, mama yako hakuachia. Samaki alimvuta hadi magoti yakagonga ukingo wa boti. Nasoro alikuwa kwenye injini akipambana na wimbi, na mimi kichwa changu kilikuwa nje. Wa kumshika alibaki mmoja tu.

Anaclet akaja kinyumenyume. Alitembea boti nzima kinyumenyume, akapapasa nyuma ya mgongo wake mpaka akaupata mkanda wa jaketi la kuokolea alilovaa Mama, akaung'ang'ania. Mkanda si mwili. Hapo ndipo walipoanza kuzungumza, kupitia kwangu. “Falonne, ambia mama alegeze kidogo.” “Falonne, ambia ule bwana miye najua.” Mimi mwenye kutapika ndiye niliyekuwa simu yao, robo saa nzima.

Walimtoa nguru, kilo kumi na mbili. Mama alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba wa mjomba, na Anaclet naye akacheka, wamepeana migongo, kila mmoja anachekea upande wake wa bahari. Kwa dakika hiyo nilidhani umeshinda wewe.

Nilijidanganya. Jioni Mama aliingia jikoni mwa hoteli, akampika nguru kwa mkono wake, akapakua sahani tatu: yake, yangu, ya Mapalo. Anaclet akala chipsi na mayai chumbani. Maji yalinifika shingoni. Nikamuuliza Mama ni moyo gani huo, mtu amekuzuia usizame, unamnyima kipande cha samaki.

Hakukasirika. Alisema: “Iko muntu muzuri sana. Ni juu ya ile miye sitaki aingie kwangu kama mwizi. Ataingia na muntu mwenye kumushika mukono.” Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Sasa nakupa habari ambayo hujaisikia. Jumanne iliyopita, saa sita mchana, Anaclet alimpelekea Mama gunia la makaa. Kwa kawaida huliacha nje ya mlango, hupiga makofi mara mbili na kuondoka. Safari hii alisikia sauti kutoka bafuni. Mama alikuwa ameteleza akioga, yuko chini kwenye saruji, hana nguo. Aliyatambua makofi yake. Kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa akamsemesha mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Alimwambia: “Usiingie, mukwe. Nakuomba, usiingie.”

Hakuingia. Alikimbilia kwa majirani, wanawake wote walikuwa sokoni. Alikimbia hadi barabara kubwa, akamsihi mwanamke mmoja muuza mihogo aache meza yake apande naye pikipiki. Dakika arobaini, Yaya, na Mama kwenye saruji. Nilipofika nilimkuta mume wangu amekaa juu ya gunia la makaa nje ya ukuta, analia kama aliyefiwa, na ndani Mama anamwagiza muuza mihogo ampelekee yule bwana maji ya kunywa.

Hakuvunjika kitu. Nyonga imevimba, anatembea kwa kushika ukuta. Tangu siku hiyo nalala kwake, na nyumba yangu inajiendesha yenyewe.

Usitume pesa. Usitafute hoteli nyingine. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kinachotakiwa ni mkono wako mmoja kwa siku moja. Mama amechagua Jumamosi, tarehe 20 Desemba, na kuku ameshaanza kuwafuga. Nimechoka kumwambia kwamba una kazi nyingi. Safari hii uje umwambie mwenyewe, ukiwa umesimama mbele yake.

Nisalimie Michelle na wote wa nyumbani kwako. Mapalo anakusalimu, anauliza kama ukimkuta njiani utamjua. Mama anasema ule vizuri na uvae nguo za joto. Mungu akulinde safarini, na neno safarini nimeliandika kwa makusudi.

Anaclet naye anakusalimu sana. Alinisihi nisikuandikie habari ya Jumanne, akasema utaumia bure huko peke yako. Nimekuandikia ili uumie.

Mdogo wako akupendaye, hata leo,
Falonne