Nilienda Kitengela na Mafuta Taa

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Takwenya. Natumaini mguu wako umepata nafuu na mvua imefika hapo Kisaju. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inawaka tangu uniambie kwa simu kwamba mume wangu Parsimei ameleta mwanamke mwingine kwa ile nyumba yetu ya Kitengela. Nyumba niliyoijenga nikisugua sakafu za watu huku Dubai!

Ijumaa hatufanyi kazi, kwa hivyo tulienda maombi. Mama anayetuongoza, Mkamba wa Machakos, alisema, "Fungeni macho. Kila mtu aende kwao kwa mawazo. Ingia nyumbani, chagua utakachobeba kama hutarudi tena."

Wenzangu walienda na machozi. Mimi nilienda na mafuta taa.

Yeyo, niliyamwaga kwa makochi, kwa pazia, kwa kabati ya vyombo. Parsimei alipiga magoti, "Silantoi, nisamehe." Nikacheka. Nikawasha kiberiti. Ndipo nikakumbuka nimeambiwa nibebe kitu. Televisheni, nikaiacha. Kitanda, wabaki nacho. Nikafungua stoo, nikamkuta Nasieku wangu amelala chini kando ya gunia la makaa, vile uliniambia huwa anawekwa. Nikazima kile kiberiti na vidole.

Nilipofungua macho, yule mama aliniuliza, "Umebeba nini?"

"Mtoto."

"Na mumeo, umemsamehe?"

"Bado. Na sitaki."

Hakunigombeza. Alinishika tu mkono.

Siku zote nilidhani ninalilia nyumba. Kumbe ni Nasieku. Sasa, Parsimei akienda soko ya ng'ombe, wewe na kaka Lekishon mwende mmtoe, mmlete kwako Kisaju. Mbebe nguo zake na sweta ya shule. Msiguse hata kijiko.

Nisalimie Lekishon na bibi yake, na shangazi Naisiae wa Ewuaso. Jirani yetu wa Kitengela, Mama Mutua, mwambie Mungu amzidishie, kwani bila macho yake tusingejua. Parsimei sina salamu zake.

Najua atakuja kumdai mtoto, maana humjivunia mbele ya wazee. Usimtukane, Yeyo. Mpe kiti, mpe chai ya maziwa, kama desturi. Mwache amsikie Nasieku akicheka huko nyuma ya nyumba mpaka kikombe kiishe. Halafu umfungulie geti aende peke yake.

Ni mimi binti yako asiyelala,
Silantoi