Kiota Nilichokutumia

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji, na huyo mwanao, Kibonge wetu, ambaye nasikia siku hizi hakamatiki. Mimi mwili haujambo. Kikohozi kimeniacha, na ile dawa uliyonielekeza, chungu kuliko maneno ya mawifi, nimeimaliza yote. Moyo ndio sijui niuelezeje. Simu zako za wiki hii nimeziona. Sikupokea kwa sababu unanijua, nikianza kulia husikii neno, unasikia makamasi tu. Nimeona bora niandike, na nakuomba usome ukiwa umekaa.

Umesikia kwamba nimeacha kazi kiwandani. Sikuacha, niliachishwa. Umesikia pia kwamba kuna kesi, na kwamba niliitwa kutoa ushahidi. Hayo ni kweli, lakini watu wamekuletea mkia bila ng'ombe, kwa hiyo acha nianze kichwani.

Unajua kwamba kiwanda chetu kilishona matandiko, na kwamba miaka mitatu iliyopita tulianza kushona viota, ile mito ya watoto wachanga yenye kingo nene zilizoinuka pande zote, mtoto akalala katikati kama kifaranga. Nilishona viota hivyo hadi vidole vikaota sugu. Baadaye, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na mdomo mwepesi, nikahamishiwa meza ya kupokea malalamiko ya wateja. Ilikuwa kazi ya kukaa, na nilijiona nimefika. Malalamiko yenyewe yalikuwa zipu iliyokatika, rangi iliyochuja, mshono uliofumuka. Nilijibu kila barua kwa heshima na kuiweka kwenye faili.

Siku moja ikaja barua ya mkunga wa zahanati. Aliandika kwa kalamu ya bluu, bila matusi wala vitisho. Alisema mama mmoja alimletea mtoto wa miezi miwili ambaye alikutwa ameteleza ndani ya kiota chetu, uso umezama kwenye ukingo, midomo imegeuka rangi. Mtoto alipona kwa sababu bibi yake alipita kuchukua taulo. Mkunga akaeleza kwamba mtoto mchanga hana nguvu ya kugeuza shingo, kwamba kitambaa laini kikimziba pua hawezi kujiokoa, na kwamba hata kidevu kikiinamia kifua njia ya hewa hujifunga bila yeye kutoa sauti. Akasema mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo bapa, pasipo mto wala kitu laini karibu naye. Akaomba tuache kuviuza hadi vichunguzwe.

Niliipeleka kwa meneja. Aliisoma amesimama. Akasema kiota ni cha kumlaza mtoto akiwa macho huku mama akimtazama, na maelezo hayo yameandikwa kwenye lebo. Ni kweli yameandikwa, upande wa nyuma, kwa herufi ambazo hata mimi mwenye macho mazima huzisoma nikiwa nimekunja uso. Nikamwambia kwamba kwenye boksi picha ni ya mtoto aliyefumba macho. Akacheka, akaniuliza kama nimewahi kuona mtu akinunua kitu chenye picha ya mtoto anayelia. Kisha akaandika pembeni mwa barua, "Ihifadhiwe. Isijibiwe zaidi." Mimi nikamwandikia mkunga mstari mmoja, kwamba barua yake imepokelewa na inashughulikiwa, nikatia sahihi yangu. Barua nikaiweka kwenye faili, kati ya zipu na zipu.

Miezi sita baadaye mtoto alikufa. Mama yake ni mwalimu wa shule ya msingi. Alimlaza kwenye kiota mchana, akatoka uani kuanika nguo, na aliporudi mtoto alikuwa amegeukia ukingo. Alidhani amelala. Alikaa kando yake akasahihisha madaftari mawili kabla hajamgusa. Maneno hayo aliyasema mwenyewe mahakamani, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya wanafunzi.

Siku habari hiyo ilipofika kiwandani ndiyo siku niliyokupigia simu nikakwambia ukikate kile kiota nilichokutumia kwa mkasi na ukitupe. Uliniuliza kwa nini, nikakwambia rangi yake inaleta vipele. Nilikudanganya, dada. Ulicheka, ukasema umeshakifua mara tatu na ngozi ya mtoto ni laini kama siagi, tena Kibonge anakipenda, kuna siku ulimkuta amejibana ukingoni ukasema ananusa mikono ya mama yake mdogo. Nilikata simu, nikapiga tena na tena hadi ukaniambia umekitupa.

Wakili wa mwalimu alinipata bila kuhangaika, maana mkunga alikuwa ameitunza ile barua yangu ya mstari mmoja. Meneja aliniita, akanikaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniomba niseme kwamba barua ya mkunga ilipotea mezani kwangu na yeye hakuiona. Akasema sote tuna familia. Nilirudi kwenye faili, nikaitoa ile karatasi yenye maandishi yake pembeni, nikaikunja ndani ya kanga yangu, na kesho yake nikaikabidhi kwa wakili. Usinisifu kwa hilo. Ningekuwa mtu wa kusifiwa kama ningelifanya mtoto akiwa hai.

Kesi ilichukua zaidi ya mwaka. Zamu yangu ilipofika nilieleza yote niliyokueleza hapa. Kisha akasimama wakili wa kiwanda, mtu mpole, mwenye miwani. Akanionyesha daftari la zawadi za wafanyakazi, akanitaka nisome sahihi iliyo kando ya kiota kimoja kilichotolewa. Ilikuwa yangu. Akaniuliza kiota hicho nilimpelekea nani. Nikasema dada yangu aliyejifungua. Akaniuliza kama nampenda dada yangu. Ndipo akaigeukia mahakama na kusema kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kusoma onyo la kifo kisha akampelekea dada yake kifo chenyewe. Ama sikuiamini ile barua, basi kiwanda nacho hakikuwa na sababu ya kuiamini, ama nimeitunga hadithi baadaye.

Nilikuwa na njia ya kutoka, dada. Ningeweza kusema nilikutumia kabla ya barua ya mkunga. Daftari halikuandikwa tarehe.

Nilisema kweli, na sasa nakwambia wewe kabla hujaisikia kwa wengine. Barua ya mkunga niliisoma majuma saba kabla hujajifungua. Niliijua neno kwa neno siku nilipokifunga kile kiota kwa karatasi na utepe. Nilikutumia kwa sababu kama nisingekutumia ningekuwa nimekiri kwamba tunauza kitu kibaya, na nikishakiri ningelazimika kusema, na nikisema ningefukuzwa. Nilijiambia kwamba kama ni kizuri kwa dada yangu, basi ni kizuri kwa wote. Nilimtumia mtoto wako, mtoto uliyemsubiri miaka tisa, kujituliza roho.

Nilipotoka, mwalimu alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Nilitaka kupita, akaniita. Akaniuliza kama yule mtoto wa dada yangu yu hai. Nikasema yu hai. Akauliza ana umri gani. Nikasema mwaka na nusu. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi anakimbia." Kisha akachukua mkoba wake akaondoka.

Hukumu imesomwa juzi. Hakimu amesema kiwanda kilionywa kikanyamaza, na kwamba picha ya mbele ilimwambia mama alaze mtoto wakati maandishi ya nyuma yakijikinga. Viota vyote vinakusanywa, na matangazo yanabandikwa madukani na kwenye zahanati. Ukiona jirani bado anacho, mwambie. Mimi hakimu hakunitaja kwa ubaya wala kwa wema. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, ila si kwa hilo.

Tangu waniachishe kazi baada ya ushahidi wangu, nashona sare za shule nyumbani, na chakula napata. Sikuombi unisamehe upesi, wala usinisamehe kwa kuwa ulinilea. Ukitaka nisije kwako kwa muda, nitaelewa, na shemeji akikasirika, mwache akasirike.

Mpe mkono shemeji, na mama mkwe wako akikuuliza habari zangu mwambie nipo. Kibonge mkumbatie kwa niaba yangu, kama utaona inafaa. Nitangoja neno lako, liwe lolote.

Ni mimi, mdogo wako.