Madoa Mekundu Bwawani

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule anataka kufukia bwawa. Lile la nyuma ya maabara! Eti halina kitu ila mbu, na wageni wakija hawana pa kuegesha magari. Walimu wenzangu wanakoroga chai tu. Nikamwambia bwawa lile ndilo darasa langu la ikolojia. Akacheka. Nilete ushahidi mbele ya bodi, Ijumaa ya wiki ijayo, "lakini ushahidi, mwalimu, siyo mashairi." Mashairi!

Sawa. Ushahidi ataupata.

Jumanne, 4 Machi

Nimemnyang'anya wifi rangi yake ya kucha, ile nyekundu. Kanuna. Kauliza konokono wanakwenda harusi ya nani. Nimecheka, mara ya kwanza tangu jana.

Kidato cha tatu wote bwawani, suruali zimekunjwa. Wamekamata konokono, kila mmoja doa moja gambani, kisha wakawarudisha majini. Wiki ijayo tunakamata tena. Nimeeleza mpaka koo limekauka: mkikuta wengi wana doa, maana yake konokono bwawani ni wachache. Mkikuta wenye doa wachache, basi wamejaa tele. "Ndiyo, mwalimu!" Kuitikia wanajua. Profesa — kiranja wao, wenzake wamempa jina kwa ile miwani — akaniambia bwawa halifukiwi, wao wapo. Nilitaka kumkumbatia.

Jumanne, 11 Machi

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Karibu kila konokono tuliyemkamata leo ana doa! Nikakokotoa. Nikarudia. Hesabu inasema bwawa karibu tupu. Na mimi nawaona kwa macho yangu, wamejipanga kwenye mawe kama vifungo!

Nikawauliza wanafunzi. Mwisho Profesa akafungua mdomo: Jumamosi walirudi wenyewe na chupa za rangi nyekundu za dada zao, wakapaka kila konokono waliyemwona. Madoa mengi, konokono wengi — ndivyo walivyoelewa. Walitaka kuliokoa bwawa! Wamelichimbia kaburi kwa mapenzi. Nimewafokea mpaka jirani kafunga dirisha la darasa lake. Msichana mmoja kalia. Sikumwonea huruma. Sasa namwonea.

Jumatano, 12 Machi

Mkuu anazo hesabu. Zilikuwa ubaoni maabara, kapita, kapiga picha kwa simu. Nikamwambia zimeharibika, tupewe wiki moja turudie. Zimeharibikaje? Ningemwambiaje? Kazi hii inaingia kwenye alama za mtihani wa mwisho. Nikitamka udanganyifu, mtu anafukuzwa, na atakayebebeshwa ni Profesa. Mkuu akatabasamu. Basi hazijaharibika, mwalimu.

Kanishika pabaya, na anajua. Namchukia leo. Naandika wazi, namchukia.

Wifi kasema mchuma janga hula na wa kwao. Ndiyo. Na wa kwao ndio mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ukumbi. Mkuu kawasomea bodi hesabu "za wanafunzi wetu wenyewe." Makofi! Mwenyekiti akanigeukia: mwalimu, hesabu hizi ni sahihi? Nikaomba dakika tano.

Nimeshaamua. Nitasema nilikosea mimi, nilirudi nikapaka rangi konokono wengine bila kuwahesabu. Wataniona mwalimu bure, labda watanihamisha, lakini tutahesabu upya na mtoto atabaki shuleni. Uongo wa mapenzi. Nimewafokea wao kwa huo huo.

Profesa huyu hapa. Kachomekea shati, kafuta miwani. Anataka kuingia aseme mwenyewe. Nimemwambia rudi darasani. Harudi! Nimemwambia watakufukuza, mama yako nitamwambia nini? Ananijibu polepole, kwa adabu zake zote, kwamba mimi ndiye niliyesema takwimu hazipikwi. Kumbe kuna siku alikuwa anasikiliza! Natamani kumzaba kofi. Machozi yananitoka kwa hasira, mbele ya mwanafunzi.

Karani katoa kichwa mlangoni, anamwita mwalimu wa ikolojia. Nasimama, kalamu bado mkononi. Na yeye yuko nyuma yangu, mkaidi huyu, nimemzuia kwa mkono na bado anakuja —