Namba Moja ya Mtaa Wetu

Jumatatu, 3 Juni

Lami ya mtaa wa shemeji nimeileta mimi. Bila mimi wangekuwa wanakanyaga tope mpaka leo.

Uongo. Nimekaa tu uani nikinusa moshi wake, macho yamenitoka pima. Imenyooka, nyeusi ti, na wameichora mstari mweupe katikati. Mstari! Mtaa wa nyumba kumi na moja! Shemeji anaitembelea mikono nyuma kama mkaguzi. Leo kavaa viatu vyeupe. Miaka sabini na moja, viatu vyeupe.

Kwetu: mashimo ishirini na saba. La langoni kwangu nimelipachika jina la diwani.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu bado yuko kwa kaka yake — huyohuyo shemeji. Siku ya tisa. Goti limemvimba, na teksi ya kumpeleka kliniki haiingii kwetu. Dereva kasema springi ikikatika atanifunga mimi badala yake. Kule teksi inafika mlangoni.

Nikampigia simu, unarudi lini? Kacheka. Eti huko hata chai haimwagiki akiibeba. Eti anafikiria kutuma mtu aje achukue nguo zake zilizobaki.

Zilizobaki!

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda manispaa kufoka. Nikapewa injinia, mama mpole. Mtu mpole humfokei vizuri. Kasema pesa za ukarabati hazitoshi mitaa yote, ndiyo maana mwaka jana kila mtaa ulijaza fomu ukajipa namba. Mbovu zaidi hutengenezwa kwanza. Tano ni mahututi. Moja ni nzuri kabisa, haiguswi miaka mitano.

Kafungua faili. Mtaa wetu: 1.

Mwandiko nikautambua. Wangu.

Majirani walinipa kalamu kwa sababu nilijitapa nasoma bila miwani. Nikadhani moja ndiyo ya kwanza kwenye foleni. Shuleni wa kwanza ndiye aliyeitwa mbele! Mimi sikuwahi kuitwa, lakini nilikuwa naona.

Injinia kasema bajeti inafungwa Ijumaa saa kumi. Niandike kosa langu, na mkazi wa mtaa wa jirani atie saini kwamba barabara yetu kweli ni mbovu. Jirani yetu ni mtaa mmoja tu: wa shemeji.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepita kwa shemeji kumpima upepo. Nikamuuliza kijanja, ninyi mlijipa ngapi? Tano, kasema, kifua mbele. Kwa nini? "Maksi zote, shemeji. Mtaa wangu nitaupa maksi pungufu?"

Yaani majivuno yake yamempa lami! Na mke wangu juu!

Nimerudi bila kumwambia kitu.

Ijumaa, 7 Juni

Saa tisa. Naandika nikiwa barazani kwa shemeji, goti kwa goti naye. Anasoma karatasi yangu kwa sauti. Pale pa "nilidhani moja ni ya kwanza" kapasoma mara tatu, mara ya tatu kageukia dirishani ili dada yake asikie. Halafu mke wangu kasema kutoka ndani, bila kucheka, "Kaka, soma upesi, ofisi zinafungwa."

Upesi! Kasema upesi!

Shemeji anajipapasa mifuko, kalamu haioni. Iko sikioni kwake. Nikamwambia polepole: "Shemeji, nilikutilia saini ya shahidi ulipooa. Mara mbili, na ile ya pili nilifumba macho. Nitilie moja tu, hapa chini."