Miche ya Jaruba la Baba

Dada yangu mpendwa Bok-sil,

Bwana asifiwe. Goti lako linaendeleaje tangu baridi ilipokwisha? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi huku hatujambo. Kimchi ya mwisho ya kabichi za majira ya baridi imechachuka mpaka Gi-taek anasema inamng'ata yeye badala ya yeye kuing'ata.

Dada, kuna habari ya mzee Pyo. Ndiyo, huyo huyo aliyeuziba mfereji wa maji mwaka ule wa kiangazi, jaruba la baba likapasuka ufa, na baba akafa asione mavuno. Mwezi huu alimpeleka mkewe hospitali, akasahau kufunua nailoni ya kitalu chake. Jua likawaka. Aliporudi, miche yote ya mpunga ilikuwa imeiva kama mboga.

Jumapili, jikoni kanisani, tulikuwa tunamenya vitunguu. Shemasi Eom akasema Mungu hadhihakiwi, apandacho mtu ndicho avunacho. Pyo alipanda ukame, basi autafune! Tukacheka, nami nikacheka kuwashinda wote.

Jioni nikapima mchele wa kupika. Nikatenga kwanza kijiko cha kanisa, kama mama alivyotufundisha. Unakumbuka mwaka ule baba alipofariki? Kopo lilikuwa linakwaruza chini ya mtungi wa mchele, na bado mama alitenga kijiko chake. Mkono wangu ukasimama hapo hapo. Mama hakuwahi kukaa kando ya shamba la Pyo kungoja mavuno yake. Alikuwa anapanda lake. Mimi je, kile kicheko changu kilikuwa mbegu ya nini?

Asubuhi nikapakia trei za miche kwenye kigari, nikaenda kwake. Pyo alitoka na ndala mguu mmoja, akaniuliza, "Mama Gi-taek, umekuja kunicheka hata mlangoni kwangu?" Nikamwambia kucheka nimeshamaliza jana, leo nimeleta miche. Akasema hataki sadaka ya mtu. Nikamjibu kwamba sadaka ningeipeleka kanisani. Hii ni mbegu, na mbegu haibishani na udongo. Mkewe akacheka kutoka kitandani. Pyo akaipokea. Hakusema asante, dada. Alisema miche yangu imerefuka mno.

Sasa nikwambie lile ninalozungukazunguka. Sikuwa na miche ya ziada. Ile ilikuwa ya jaruba la baba, ambalo mchele wake hukujia wewe kila mwaka. Mwaka huu nitapanda soya humo. Gunia lako litakuja vilevile, litatoka kwenye fungu langu, nami nitachanganya shayiri kwenye wali wangu. Shemasi Eom anasema nimerukwa na akili. Na aseme. Sirudi nyuma.

Na bado sijamaliza. Nimemwalika Pyo na mkewe wale nasi Jumapili ya Shukrani ya Mavuno. Najua uliapa kaburini kwa baba kwamba hutakula meza moja naye. Mimi nilikuwa nimekushika mkono ulipoapa. Lakini nakuomba uje. Sikuombi uache kulia. Njoo ulie hapa, chakula kikiwa mezani. Kile tulichopanda pale kaburini, dada, sitaki watoto wetu wakivune.

Msalimie shemeji, na wajukuu wote uwabusu. Gi-taek anakuamkia.

Kiti chako nitakiweka karibu na changu. Nijibu mapema, tafadhali, hata kama ni kunigombeza.

Mdogo wako,
Ok-nam